Sekunde Saba za "Ngazi ya Nyuma"

Delphine Urbanski, Del kwa waliomzoea, hakununua mayai mpaka afungue boksi na kuligeuza kila yai. Wauzaji wa duka la Mtaa wa Lagrange walishamzoea. Wakimwona anaingia tu, wanamsogezea boksi likiwa wazi. Mchinjaji alipompimia soseji, Del hakutazama mshale wa mizani, alitazama kidole gumba cha mchinjaji. Stan, mumewe katika ndoa ya miaka thelathini na nne, alipenda kusema kwamba siku mkewe atakapofika mlango wa peponi, atamwomba Mtakatifu Petro kitambulisho kwanza.

Hakuzaliwa hivyo. Alifanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka ishirini na saba, na kazi ile ndiyo iliyomfunza binadamu. Aliwasikia wanaume wakiwaambia wake zao wako kiwandani huku nyuma yao glasi zinagongana. Aliwasikia mapadri wakisema hawapo. Mwaka wa tisini na moja mashine zikaletwa. Ijumaa msimamizi wake alimkumbatia na kumwambia asiwe na wasiwasi, yeye ni kama mama wa ofisi. Jumatatu akakuta kiti chake kimeshaondolewa. Tangu siku hiyo mtu akimchekea Del, yeye hushika mkoba wake.

Basi mwaka wa tisini na tano, akiwa na miaka hamsini na saba, akapata kazi kwenye stesheni ya redio ya vijana hapa Toledo, stesheni ya hayo magitaa ya kukwaruza. Walimtaka kwa ajili ya sauti yake tu. Kazi yenyewe iliitwa kupiga vionjo. Jioni kuanzia saa kumi na moja unawapigia simu vijana walio kwenye orodha, unaweka kaseti, unawasikilizisha vipande vya nyimbo thelathini, kila kimoja sekunde saba. Baada ya kila kipande kijana anatoa alama, moja mpaka tano. Moja maana yake nitolee balaa hili, tano maana yake niongezee. Na ilikuwa mwiko kumtajia mtu jina la wimbo wala la bendi, asije akapenda jina badala ya wimbo. Alama hizo ndizo zilizoamua wimbo gani upigwe mara sita kwa siku na upi uzikwe.

Kwa hiyo Del aliufahamu kila wimbo uliotamba mwaka ule, lakini sekunde saba tu. Hakuwahi kuusikiliza hata mmoja mpaka mwisho. Chumba cha simu kilikuwa na mlango mzito na spika zake zilizimwa ili watu wasikike vizuri. Nyumbani redio ilikuwa ya polka, muziki wa kuruka wa wazee wa Kipolandi, Jumapili na ya besiboli siku nyingine. "Hao watoto wanaimba kama wameamshwa usingizini wapelekwe kanisani," alisema, na hakuona haja ya kujua zaidi.

Mkuu wa vipindi, Garth Pelletier, alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili mwenye ndevu chache na haraka nyingi. Yeye ndiye aliyetengeneza kaseti na kupiga chapa orodha ya nyimbo: herufi ndogo, mistari imebanana, doa la kahawa pembeni. Del aliiangalia orodha ile siku ya kwanza kama alivyoangalia mayai. Akaitia kwenye droo, akachukua rula na kalamu, akajichorea karatasi yake mwenyewe yenye nafasi pana, akanakili majina yote thelathini kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista. Karatasi hiyo akaitoa nakala mia za kutumia yeye mwenyewe. Wiki zilizofuata Garth akibadilisha nyimbo mbili au tatu, Del hufuta hizo tu na kuandika mpya. Aliiamini karatasi ile kwa sababu ilikuwa yake.

Kwenye meza ya pili aliketi Noreen Tibbets, mwanamke wa miaka thelathini na moja, kipini puani, kicheko kinachosikika mpaka maegesho ya magari. Noreen alilea binti peke yake na alikuwa haachi kuzungumza. Del hakuwa na ugomvi naye. Mara mojamoja walibadilishana vitafunio: Noreen akileta keki ya dukani, Del akileta pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vyenye viazi ndani, zilizobaki Ijumaa. Ila Noreen alikuwa na kaka yake, Darrin, na Darrin alipiga gitaa na kuimba kwenye bendi ya hapahapa mjini iliyoitwa Viti vya Plastiki.

Mwezi wa tisa Viti vya Plastiki wakatoa wimbo uitwao "Ngazi ya Nyuma", Garth akautia kwenye kaseti. Wiki ya kwanza alama za Noreen zikarudi: tano, tano, nne, tano. Alama za Del: mbili, moja, mbili, tatu. Garth akakuna ndevu zake, akaamua kumwamini Noreen, kwa kuwa yeye mwenyewe aliupenda. Wimbo ukapigwa mara nne kwa siku, halafu sita. Detroit wakasikia Toledo wanaupiga, nao wakaupiga. Kisha Cleveland.

Wiki ya pili ikawa yaleyale. Del akakunja midomo.

"Noreen, mwanangu," akamwambia, "hawa watu wako wanaoupenda huu wimbo wanaishi wapi? Mbona mimi siwapati?"

"Labda ni sauti yako, Mama Del. Unawatisha. Mtu anadhani amepigiwa na mahakama."

"Nyimbo nyingine siwatishi?"

Noreen akacheka. "Wimbo mtamu, basi. Huusikii utamu wake?"

"Nasikia sekunde saba. Sekunde saba zinanitosha."

"Haya, bibie. Ukitaka kaseti nzima ninayo kwenye gari."

"Baki nayo."

Mwenye macho haambiwi tazama, na Del aliona anayo macho manne. Dada mtu anakusanya kura za wimbo wa kaka mtu, na kura zote ni tano! Hata mtoto wa chekechea angeuliza. Wiki ya tatu alijifanya amesahau miwani, akarudi chumbani Noreen akiwa ameshaondoka, akanakili kutoka kwenye karatasi zake namba kumi za simu za watu waliotoa tano.

Kesho yake akawapigia. Hakutaka kuwachosha na vipande thelathini. Aliisogeza kaseti moja kwa moja hadi pale ambapo karatasi yake ilisema "Ngazi ya Nyuma", namba kumi na nane, akawasikilizisha hicho tu.

"Alama ngapi?"

"Huo? Mbili," alisema kijana wa kwanza. "Unaburuza miguu."

"Juzi ulimwambia mwenzangu tano."

"Mimi? Tano? Labda nilikuwa nimelewa."

Wa pili akasema moja. Wa tatu akasema mbili, akauliza kama kuna zawadi. Walipokwisha kumi, saba kati yao walikuwa wameukataa wimbo ambao Noreen aliandika wameupenda. Del akauhisi moyo wake ukitulia, utulivu ule wa mtu aliyepata yai bovu baada ya kugeuza mayai mengi mazima. Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia. Akaandika hizo namba saba kwenye karatasi, akagonga mlango wa Garth.

Garth aliisoma akakaa. Ilikuwa aibu kubwa kwake. Stesheni ikijulikana inapandisha wimbo wa ndugu ya mfanyakazi kwa alama za kubuni, nani angeiamini tena? Siku hiyohiyo akamwita Noreen. Mlango ulifungwa dakika kumi. Noreen alipotoka alikuwa na koti mkononi, akasimama mbele ya meza ya Del.

"Mama Del, umewapigia watu wangu?"

"Nimewapigia."

"Na wamekwambia nimedanganya?"

"Saba kati ya kumi."

Noreen akavaa koti lake. "Basi sijui," akasema. "Sijui kabisa. Mimi niliandika walichosema."

Hakulia wala hakutukana. Del akalihesabu hilo pia dhidi yake: mtu asiye na hatia, alijiambia, angepiga kelele.

Garth akautoa wimbo hewani. Lakini wimbo nao ulikuwa umeshajiendea zake. Detroit hawakuwa na habari za Noreen Tibbets. Chicago wakauchukua, kisha Boston, kisha miji ya Texas ambayo Del aliijua kwa namba zake za simu tu. Mwezi wa kumi na moja "Ngazi ya Nyuma" ulikuwa wa tisa nchi nzima, na stesheni pekee ya vijana isiyoupiga ilikuwa ile ya mji wa bendi yenyewe. Watu walipiga simu kumtukana Garth kwa jina. Wiki moja kabla ya Krismasi akaurudisha kimyakimya.

"Unaona jinsi walivyojipanga," Del alimwambia Stan wakila. "Kumbe si Noreen peke yake. Wamehonga mpaka Texas."

Stan alikata soseji yake. "Mke wangu, je, kama watu wanaupenda tu?"

"Niliwauliza mwenyewe, Stan. Kwa mdomo wangu."

"Haya."

"Haya nini?"

"Haya, nipitishie haradali."

Mwezi wa pili, Jumamosi kabla ya Kwaresima, mpwa wake Jolene akaolewa. Sherehe ilikuwa mchana katika ukumbi wa Wapolandi, kuku wa kuoka, kabichi zilizoviringishiwa nyama, na bendi ya wazee wanne wa polka ambao wamewachezesha watu wa Lagrange tangu enzi za Rais Truman. Del alikuwa anakagua kama keki inakatwa vipande sawa, aliposikia kodiani ikianza kitu asichokitegemea. Mzee wa kodiani alikuwa anaupiga kwa mwendo wa polka, ngoma ikiruka nyuma yake, lakini Del aliujua. Aliujua kuliko mtu yeyote ukumbini. Sekunde zile saba alikuwa amewasikilizisha watu zaidi ya mara elfu, sauti ikipanda ngazi tatu, ikasimama, ikashuka moja. Kionjo namba kumi na saba. Vijana wote wakakimbilia katikati, wakaimba kwa kupiga makelele, bibi harusi amekusanya gauni lake mikononi.

Del akamshika Jolene mkono. "Wimbo gani huu?"

"Shangazi! Si unafanya kazi redioni wewe?"

"Nauliza jina."

"'Ngazi ya Nyuma'! Wa akina Darrin Tibbets, nani asiyeujua?"

"Siyo. Huu ni 'Kiangazi Kirefu', wa bendi ya Oregon."

Jolene akacheka mpaka shela likamtoka. "Shangazi, 'Kiangazi Kirefu' ni ule wa kulala! Huu tumeucheza shule nzima."

Del hakumwamini. Alikwenda kwa mzee wa kodiani walipopumzika, akamuuliza. Akamuuliza na bwana harusi. Akamuuliza msichana mmoja wa jikoni. Wote walisema jambo moja, na safari hii hakupata mahali pa kuweka kidole aseme hapa ndipo walipopangia.

Jumatatu aliingia kazini mapema, akafungua droo, akaitoa orodha ya Garth ya mwezi wa tisa, nayo ina doa la kahawa. Namba kumi na saba: "Ngazi ya Nyuma". Namba kumi na nane: "Kiangazi Kirefu". Akaweka pembeni yake nakala yake ya mwezi wa tisa, mistari imenyooka, mwandiko wa masista. Kumi na saba, "Kiangazi Kirefu". Kumi na nane, "Ngazi ya Nyuma". Alikuwa amepindua mistari miwili wakati wa kunakili, basi. Kila tano ambayo vijana waliupa wimbo wa Darrin, yeye aliiandikia wimbo wa Oregon. Na wale kumi aliowapigia kumkamata Noreen, aliwasikilizisha wimbo mwingine kabisa. Hawakudanganya wao, wala Noreen. Kikulacho ki nguoni mwako. Del aliona aibu, aibu ya kweli, akakaa nayo na koti lake mwilini mpaka Garth alipofika.

Garth alizitazama karatasi mbili, akazigeuza kifudifudi.

"Mama Del. Wimbo umerudi hewani. Ni wa pili nchi nzima. Nani ameumia?"

"Noreen."

"Noreen ana kazi."

"Anaosha masinia kwenye shule."

"Ni kazi."

"Mrudishe, Garth."

"Nikimrudisha itabidi niwaeleze wenye stesheni kwamba nilimfukuza mtu kwa sababu ya rula yako. Wataniuliza mimi nilikuwa wapi. Wewe ungewajibu nini?" Akashusha sauti. "Zichane. Hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Nakuomba, Mama Del. Nina watoto wawili."

"Na yeye ana mmoja," alisema Del. Akachukua karatasi zote mbili, akamwambia atafute mwingine wa kupiga simu jioni ile.

Noreen aliishi upande wa pili wa mto, ghorofa ya juu. Alifungua mlango kwa upana wa mnyororo tu, bado amevaa aproni ya shule.

"Kakutuma Garth?"

"Hajanituma mtu."

"Basi unataka tiketi za bendi. Kila mtu siku hizi ananikumbuka. Hata meneja wa benki ananiita dada."

"Sitaki tiketi. Nimekuja kukuomba samahani."

"Samahani ya bure? Wewe?" Noreen hakuutoa mnyororo. "Nyuma yake kuna nini?"

Del akapitisha karatasi mbili kwenye ufa. Akaeleza akiwa amesimama kwenye ngazi, mstari kwa mstari, bila kujipunguzia chochote: droo, rula, kumi na saba na kumi na nane, miwani aliyojifanya ameisahau. Kisha mnyororo ukatoka.

Jikoni Noreen alizilaza karatasi mezani, akazipitia kwa kidole. "Mwandiko mzuri," akasema, na hakukuwa na utani.

"Nitawaandikia wenye stesheni. Nitaweka sahihi yangu. Watakurudishia kazi."

"Kazi?" Noreen akainua kichwa. "Mama Del, masinia nimeyazoea, yanalipa vilevile. Unadhani kinachoniuma ni kazi? Habari zilimfikia Darrin. Akanipigia simu, akaniuliza, dada, ulibuni zile alama? Nikamwambia hapana. Akasema, sawa, asante hata hivyo." Macho yake yalijaa, na sasa alilia kweli, bila kujificha. "Asante hata hivyo! Tangu siku hiyo anaimba mbele ya watu elfu tano akidhani nilimwibia nafasi. Anasema Detroit walifuata Toledo, na Toledo ilikuwa mimi. Hanywi tena, hachezi tena, anaimba tu na kurudi hotelini. Ameniambia wakimaliza safari anaacha."

Del akamwona akilini kijana asiyemjua, mwenye kitu kizuri mkononi, anakigeuzageuza kutafuta ubovu. Ugonjwa huo aliujua. Ulikuwa wake.

"Yuko wapi leo?"

"Denver." Ratiba ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa friji, hoteli na namba ya kila mji.

"Nipe simu."

Akapiga. Akaomba chumba kwa sauti yake ya miaka ishirini na saba, ile ambayo hakuna mpokezi wa hoteli aliyewahi kuikatalia.

"Halo?" Sauti ya mtu aliyechoka.

"Bwana Tibbets, naitwa Delphine Urbanski. Mimi ndiye niliyemfukuzisha dada yako kazi. Nilikosea. Nilipindua namba mbili kwenye karatasi yangu. Alama zake zilikuwa za kweli, zote. Watu waliupenda wimbo wako tangu siku ya kwanza, niliwasikia kwa masikio yangu, ila sikujua kama ni wako."

Waya wa simu ulivuma.

"Noreen kakupa nini useme haya?" Darrin akauliza.

"Hajanipa kitu."

"Umekariri vizuri, mama."

"Bwana Tibbets, kijana wa Mtaa wa Monroe alisema tano kabla kipande hakijaisha. Msichana mmoja wa Perrysburg aliniomba nirudie. Haikuruhusiwa, lakini nilimrudishia."

Alisikia pumzi yake ikibadilika, kidogo tu. Kisha ikarudi ilivyokuwa.

"Noreen yuko hapo pembeni yako?"

Del akamtazama Noreen, aliyesimama na aproni yake imeshikwa kwa mikono miwili mdomoni. Angeweza kusema hapana. Neno moja dogo, na huenda kijana angeamini mengine yote.

"Yupo," akasema.

"Nilijua," alisema Darrin, na simu ikakatwa.

Del alibaki ameshika mkono wa simu. Alitaka kusema samahani, lakini alikuwa ameshaisema na haikumsaidia mtu. Noreen alijifuta uso, akavuta kiti cha pili, akamkalisha Del, akaibandua ratiba kwenye friji na kuiweka mbele yake.

"Piga tena," akasema.